Serikali iwe kama duka? Ulinganisho wa muuza mbolea wa Uyole

Kila kampeni zikifika hapa Uyole, Mbeya, hakosekani mgombea mwenye malori mawili na kituo cha mafuta, anapanda jukwaani na kusema: nipeni hii kata niiendeshe kama ninavyoendesha biashara zangu. Watu hupiga makofi. Mara ya kwanza na mimi nilipiga. Nauza pembejeo, najua maana ya kufunga hesabu jioni ukakuta elfu nane haionekani, usingizi ukagoma mpaka ujue imekwenda wapi. Nikikumbuka mabenchi niliyokalia kuanzia saa mbili asubuhi nikisubiri mhuri mmoja, na mwenye mhuri yumo ndani, namsikia anacheka na simu, natamani kweli aje mtu aendeshe mambo kiduka.

Siku hizi sipigi makofi haraka. Kuna jambo nililifanya mwenyewe dukani, la halali kabisa na la busara kibiashara, ambalo kama lingefanywa na serikali ningekuwa wa kwanza kwenda kwa diwani kulalamika. Nitaanza na hilo, kisha tuweke duka na serikali kwenye mizani, mwenye kuchagua achague.

"Hailipi"

Msimu wa 2022/23 serikali ilileta ruzuku ya mbolea baada ya bei ya dunia kupaa. Mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50, uliokuwa umevuka shilingi 120,000, ukashuka hadi 70,000. Mkulima anajiandikisha kijijini kwake, anapewa namba, anakuja nayo kwa wakala, wakala anaihakiki kwenye simu na kumpa mfuko wake.

Wakulima wa Umalila wakaniomba niwapelekee mbolea kule juu, nifungue hata stoo ndogo upande wa Ilembo. Kule ni kwenye viazi na pareto, ardhi nzuri, watu wachapakazi. Nikatoa daftari. Lori la kupanda mlima, barabara ambayo ikifika Desemba inakuwa sabuni, kijana wa kulinda stoo pamoja na chakula chake, mifuko itakayolowana. Na bei ni elekezi, siwezi kuongeza hata mia. Nikapiga mstari chini ya jumla, nikaona heri nibaki Uyole wanifuate.

Wakanifuata. Siku moja ya mvua aliingia bibi mmoja, tope mpaka magotini. Alikuwa ameshuka kwa bodaboda, akapanda Noah, na alitaka mfuko mmoja tu wa kupandia. Akafungua fundo la khanga, akanihesabia noti zilizokunjwa mara nne, zilizobaki akazishika kiganjani akazihesabu upya: nauli yake, nauli ya mfuko. Akazihesabu tena. Hazikufika.

"Mwanangu," akaniuliza, "kwa nini hamtuletei kule?"

"Bibi, hailipi."

Akanitazama kama mtu aliyejibiwa swali la mwenzake. "Sijakuuliza kama inalipa."

Nilimtafutia gari la viazi lililokuwa linarudi tupu, mfuko ukapanda bure. Hiyo ilikuwa hisani yangu ya siku ile. Angekuja kesho yake mimi sipo, au gari halipo, angeacha mfuko au angelala stendi. Utaratibu ni kitu kingine.

Sijutii hesabu yangu. Aliyeweka nyumba rehani benki hana deni la kumfuata kila mtu mlimani. Duka lina haki ya kutamka "hailipi" na kugeuza uso. Serikali ikitamka neno hilo kwa bibi yule, tuiulize imewekwa pale kwa kazi gani. Msimu uliofuata serikali ilianza kuvitumia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, kusogeza mbolea vijijini. Baadhi ya wateja wangu wa mlimani sijawaona tena dukani, na kama mfanyabiashara imeniuma, nisidanganye.

Mteja anavuka barabara

Duka likiwa bovu, mteja anavuka barabara. Hapa Uyole tumejipanga wauza pembejeo kama meno. Nikiuza mbegu feki mara moja, msimu unaofuata nakaa na vifurushi vyangu tunatazamana. Woga huo ndio unaoninyoosha. Kwenye dirisha la serikali hakuna barabara ya kuvuka. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati ya kiwanja, kesi mahakamani, vyote viko mahali pamoja tu, na ndiyo sababu huduma inaweza kuoza na foleni ikabaki vilevile. Anayesema tuingize tabia ya kiduka hapo analenga ugonjwa wa kweli.

Mwananchi lakini ana fimbo ambayo mteja wangu hana. Anaweza kumng'oa mwenye duka. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukae kila miezi mitatu, watu wasomewe mapato na matumizi (kwamba unakaa kweli, kila kijiji kina hadithi yake). Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inawekwa mezani bungeni kila Aprili, nchi nzima ikasoma nani katafuna nini. Mimi mteja akiniuliza mbegu nimenunua kwa bei gani, namwambia hiyo siri ya duka, naye anacheka yakaisha. Mkurugenzi wa halmashauri akijibu hivyo kuhusu zabuni ya choo cha shule, tumekwisha.

Hapo ndipo mgombea wa malori ananitia wasiwasi. Anakuja na kasi yake, sawa, tena tunaihitaji. Ila kwenye gari hilohilo kuna siri zake na shemeji yake mwenye kampuni ya ujenzi. Dukani ukimpa shemeji kazi huo ni undugu. Kwenye halmashauri ni kosa. Zabuni zinachelewa kwa sababu nyingi za kipuuzi, nakubali, lakini sehemu ya ucheleweshaji iliwekwa makusudi ili shemeji akwame mlangoni. Nyerere alikuwa na kauli yake kwamba Ikulu ni mahali patakatifu, si pango la walanguzi, na alikuwa akiwasema watu wa namna hii, wenye haraka ya faida.

Halafu kuna kufilisika. Duka likifa, mlango unateremshwa, deni linauzwa, watu wanatafuta duka jingine. Nimeona maduka manne yakifa barabara hii hii na maisha yakaendelea. Shule ya msingi haifi hivyo. Watoto wa darasa la tatu hawawezi kuambiwa tumefunga tawi hili, mtahudumiwa Makambako.

Tulishawahi kutawaliwa na kampuni

Wazo hili watu wanalileta kama jipya, wakati sisi ni miongoni mwa watu waliolionja likiwa bichi. Carl Peters alizunguka huku mwaka 1884 akikusanya mikataba, na Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akaipa kampuni yake hati ya kutawala. Kampuni ya biashara, yenye wanahisa, ikawa serikali. Mwaka 1888 ikakodi ukanda wa pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, ikaanza kukusanya ushuru wa forodha na kupandisha bendera yake, na pwani ikalipuka chini ya Abushiri bin Salim. Muda mfupi tu kampuni ikabakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam. Ujerumani ikalazimika kuleta jeshi, na tarehe 1 Januari 1891 serikali yenyewe ikachukua utawala. Kwamba serikali hiyo nayo haikuwa na huruma, watu wa Iringa wenye Lugalo na Kalenga hawahitaji kukumbushwa na muuza mbolea.

Wenzetu ng'ambo ya Tunduma waliionja kwa muda mrefu zaidi. Nchi tunayoiita leo Zambia ilitawaliwa na British South Africa Company, kampuni ya Cecil Rhodes, mpaka 1924. Ilitoza watu kodi, ilikuwa na askari wake. Na hiki ndicho kinachonichekesha mimi mwenye duka: miaka yote hiyo ya kutawala, wanahisa hawakupata gawio hata senti. Gawio la kwanza lilikuja kampuni ilipoutua mzigo wa utawala na kubaki na haki zake za madini. Kutawala watu hakulipi hata ukiwakamua.

Pale duka linapoishinda serikali

Sasa tuugeuze mzani, maana serikali ikishika baadhi ya vitu vinakufia mkononi. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilijengwa miaka ya 1980 katikati ya misitu ya misonobari, malighafi iko mlangoni. Kikiwa cha shirika la umma kililemewa na madeni mpaka kikasimama. Kikauzwa kwa mwekezaji mwaka 2004 na karatasi zikatoka tena. Benki ya Taifa ya Biashara nayo ilijaa mikopo isiyolipika, ikagawanywa mwaka 1997. Kipande kimoja kikauzwa, kingine kikawa NMB, ambayo leo serikali ina hisa tu na inapokea gawio lake bila kugusa kaunta. Karatasi na mikopo ni biashara. Mtu asiponunua daftari la kiwanda hiki atanunua la kile. Hapo sioni sababu ya serikali kukaa kwenye kiti cha meneja.

Ukabidhi kwa mfanyabiashara ukidhani tatizo limekwisha, nako utashangaa. Mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira uliuzwa mwaka 2005, umeme mwingi uliosubiriwa kutoka pale haukuja, na mgodi ukarudi serikalini chini ya STAMICO, shirika la madini la taifa. Maji ya Dar es Salaam yalikabidhiwa kampuni ya City Water mwaka 2003 kwa mkataba wa miaka 10. Serikali ikauvunja Mei 2005. Reli ya kati ikapewa kampuni ya RITES ya India mwaka 2007 kwa miaka 25, haikufika hata mitano. Mwenye duka anayepewa duka ambalo wateja hawana pa kwenda anaanza kuwa kama yule wa dirisha la mhuri. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa peke yangu Uyole, sijui kama ningemwita bibi yule "bibi".

Kitu ambacho serikali ingekikopa dukani hata kesho ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mama yangu aliniambia hivyo kabla sijajua kuandika. Tangu 2017 malipo ya serikali yanapita kwenye namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, na hela inaingia akaunti ya umma bila kupitia mfuko wa shati la mtu. Hiyo ni akili ya duka na imefanya kazi. Mwaka 2016 serikali ilifuta watumishi hewa zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya mishahara. Mimi nina vijana watatu. Watatu! Nikilipa wa nne asiyekuwepo nitajua kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu kitakachopungua ni changu. Serikali haina mtu wa namna hiyo, ambaye kila shilingi inayopotea inamchoma yeye, na hilo ni pengo ambalo hotuba hazilizibi.

Reli ambayo hesabu iliikataa

Mfano unaonisumbua kuliko yote unapita nyuma ya nyumba yetu. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia.

Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake ilitoka kupitia kusini, ikajikuta mlango umeshikwa na adui. Nyerere na Kaunda wakataka reli ya kwenda Dar es Salaam. Benki ya Dunia ilikuwa imeshapiga hesabu na jibu lilikuwa lile nililompa bibi: hailipi. China ikakubali kwa mkopo usio na riba. Ujenzi ukaanza 1970, reli ikakamilika 1975, kilomita 1,860 mpaka New Kapiri Mposhi. Kipande cha Mlimba hadi Makambako, pale reli inapopanda ukingo wa Nyanda za Juu kwa madaraja na mahandaki, ukikipita mchana unaelewa kwa nini mhasibu alikataa.

Nani alikuwa sahihi? Mhasibu alikuwa sahihi. Ilijengwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka na haijawahi kuzibeba. Kufikia 2014/15 haikufika hata tani 100,000. Na waliojenga nao walikuwa sahihi, kwa sababu swali lao lilikuwa Zambia itapumuaje, na swali hilo halina safu kwenye daftari langu. Pia ukishaweka reli, vitu vinaota pembeni yake ambavyo hakuna aliyevipangia bajeti. Nimepanda treni ile ya abiria kushuka Mlimba. Kila kituo wanawake wanakimbilia madirishani na mikungu ya ndizi na mchele kwenye visado, na kuna vituo ambavyo mvua ikinyesha, treni ndiyo barabara yao.

Baada ya hapo serikali mbili zikakosea kosa la wazi. Zilijenga kwa moyo wa serikali, kisha zikaendesha bila daftari la mtu yeyote. Vichwa vya treni vikafa bila kutengenezwa, wafanyakazi wakagoma kwa mishahara, kila upande ukimsubiri mwenzake atoe hela. Duka la wenye wawili ambao hakuna anayelala nalo. Septemba 2024 yalitiwa saini makubaliano Beijing, na mwaka 2025 kampuni ya China, CCECC, ikapewa reli kwa miaka 30 kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4.

Mimi naona ni uamuzi mzuri kwa mizigo. Shaba ni biashara, isafirishwe kibiashara. Kwa abiria wa vituo vidogo nawaza tofauti: kampuni ikifika pale itapiga mstari chini ya jumla kama nilivyopiga mimi, na haitakuwa na kosa. Kazi ya kuhakikisha treni inasimama pale ni ya serikali, na inapaswa ilipiwe waziwazi kwenye bajeti. Kuiachia huruma ya mwekezaji ni sawa na kutegemea gari la viazi linalorudi tupu.

Halmashauri ikigeuka mwenye nyumba

Soko la Mwanjelwa liliungua 2006. Jipya likajengwa kwa mkopo wa benki, jengo kubwa la ghorofa. Mkopo wa benki unalipwa kwa kodi ya pango, na kodi ya pango ilipotajwa wafanyabiashara walilalamika kwamba ni kubwa. Ukisimama nje unaona matokeo: wa nyanya na dagaa ametandika chini kando ya barabara, juani. Kibenki mradi una mantiki yake. Lakini halmashauri si mwenye nyumba wa kawaida. Mwenye nyumba akikosa mpangaji wa chumba anashusha bei au anasubiri. Halmashauri mpangaji wake aliyekosa kodi yuko palepale kwenye mtaro, bado ni mwananchi wake, bado inatakiwa imzolee taka.

Ushuru wa mazao una kisa hichohicho. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukaondolewa ushuru ukivuka halmashauri. Lakini mkurugenzi bado anapimwa kwa makusanyo ya mapato ya ndani, kama ninavyowapima vijana wangu kwa mauzo. Kijana wa mashine ya POS pale kizuizini anajua lengo lake la mwezi. Nimeshuhudia akimsimamisha mzee mwenye magunia matano ya viazi, lumbesa kweli, lakini matano, akimtaka risiti ambayo kisheria hakuhitaji kuwa nayo. Wakabishana nusu saa. "Mzee, na mimi nina namba ya kufikisha," kijana akasema, na alikuwa karibu kulia. Ukimfanya mtumishi wa umma kuwa mtu wa mauzo, raia wanageuka bidhaa.

Hesabu iliyopigwa Washington

Wapo wanaosema Marekani sasa wameamua kweli, wamempa mfanyabiashara nchi. Basi tuangalie ilivyofika huku. Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje siku ileile aliyoapishwa. Kitengo cha kubana matumizi kilichohusishwa na tajiri Elon Musk kikaifungasha USAID, na kufikia Julai 1 shirika likawa halipo. Ni namna mwenye duka anavyofunga tawi lisiloleta faida: haraka, bila kuaga.

Sasa weka hilo juu ya takwimu zetu. Utafiti wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Njombe 12.7. Iringa 11.1. Mbeya 9.6. Mikoa mitatu ya juu ni sisi. Jirani yangu alikuwa mhudumu wa ngazi ya jamii aliyelipwa na mradi; kazi yake ilikuwa kuwatafuta waliokosa siku yao ya dawa, kuwapigia simu, kuwafuata nyumbani wasipopokea. Akaambiwa apumzike. Wiki tatu aliendelea kupiga simu kwa vocha zake. Nilijua kwa sababu alikuja kununua kwangu za mia tano mia tano, na mimi namuuzia, naandika.

Wamarekani wana haki na hela yao. Tena mwenye duka mwenzangu atauliza swali gumu zaidi, na yuko sahihi kuliuliza: nani alitufundisha kutegemea msambazaji mmoja kwa bidhaa ambayo ikikosekana watu wanakufa? Mimi mbegu nachukua kwa kampuni tatu ili moja ikikwama nisifunge. Hilo nalo ni somo la kiduka ambalo serikali yetu haikulisoma.

Basi uchague vipi

Mimi nimefika hapa, na unaweza kunipinga. Anapokuja mtu anayesema ataendesha kama biashara, namtenganishia mambo mawili: namna ya kufanya kazi, na nani wa kufanyiwa kazi. Kwenye namna, nachukua duka karibu kila mara: daftari, muda, risiti, mtu kujibiwa leo, mzembe kuondoka. Kwenye nani, nachukua serikali bila kufikiri mara mbili. Duka linachagua wateja wake na serikali imekatazwa kuchagua.

Kwa huduma yenyewe, naangalia kama mtu anaweza kuikosa akaishi, na kama ana pengine pa kuipata. Simenti, karatasi, hoteli, benki: waachie wenye mitaji, serikali ichukue kodi na gawio na ikae pembeni. Mahakama, polisi, darasa la kwanza, dawa za VVU za CTC, maji ya mtaa wa mlimani: hapo sitaki kusikia faida, nataka kusikia zimefika. Ndege zinanigawanya. Kiwanja cha Songwe kimetusaidia, wagonjwa wa rufaa wanaruka, na CAG alionyesha ATCL, shirika la ndege la serikali, ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64 mwaka 2022/23. Ningekuwa na kura moja ningeipa ndege daftari kali zaidi na ningeiacha iruke, lakini mke wangu, ambaye hajawahi kuipanda, anasema hela hiyo ingeweka lami mpaka kwao.

Mgombea mmoja wa malori alipita dukani kuomba kura. Mtu mzuri, tumekaribishana, kanunua hata dawa ya viwavi. Nikamuuliza kuhusu nyumba thelathini hivi za mtaa ule wa juu kabisa ambako bomba halijafika: ukipata kata, utalifikisha? Akakaa kimya kidogo, akatoa simu mfukoni, akafungua kikokotoo.